Barafu ya Bi Somoe na Soko la Halmashauri

Vijana wangu wa idara ya mipango, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na vitenge viwili vizuri, kisha mkaniomba niwaandikie mbinu za kazi. Saa inafanya kazi. Vitenge binti yangu ameshavishona. Hizo mbinu ndizo zinazonipa tabu, kwa sababu nilichonacho ni miaka mingi tu ya kuulizwa maendeleo yatafika lini, kana kwamba nimeyafungia stoo na funguo ninazo mimi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vya kwangu havimfai mtu, na vya wenzangu vinanipa donge.

Nilifika Kilwa Masoko nikiwa msichana mwenye shahada mpya na viatu visivyofaa mchanga. Mimi ni mtu wa Lindi mjini, kwa hiyo pwani haikunishangaza. Kilichonishangaza ni ofisi. Chuoni nilikuwa nimejijengea picha ya ramani kubwa ukutani na watu wakibishana juu ya uchumi wa taifa. Nilikuta meza mbili, kabati lililokataa kufungika, na bwana mmoja mwembamba akichonga penseli kwa wembe. Huyo ndiye Bwana Hamisi Likapa, Mmatumbi, mkuu wa idara yetu na mwalimu wangu wa kazi.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama viatu.

"Unaweza kulala popote?" akaniuliza.

Nikanuna. Yeye akaenda kwenye lile kabati, akanitolea mkeka, chandarua, tochi, na mfuko wa sukari na majani ya chai.

"Hivi ndivyo vifaa vya mpangaji," akasema. "Kalamu utajitafutia mwenyewe."

Nilielewa maana yake tulipokwenda Tingi. Wakati ule kupanga na wananchi kulianza kwa kuchora ramani ya kijiji chini, uwanjani. Watu waliweka jiwe mahali pa msikiti, kijiti mahali pa njia, korosho mahali pa mashamba na mahindi mahali pa shule na zahanati. Kuku wakaja wakala shule yote na kipande cha zahanati. Tulicheka, tukaweka tena. Baada ya hapo mkutano ukaulizwa wanataka nini, wakasema wanataka ghala. Mikono yote juu. Mimi nikaandika ghala, nikafunga daftari, nikamtafuta dereva.

"Unakwenda wapi?" Bwana Likapa akaniuliza. "Mkutano bado."

Tulilala pale. Asubuhi, baada ya watu kutoka msikitini, alikaa barazani kwa mwenyeji wetu na sukari yake na majani yake, akasubiri. Wakaanza kuja mmoja mmoja kutujulia hali. Chai ikanyweka. Mzee mmoja akasema ghala ni jambo jema sana, ila kama serikali ingekuwa na nafasi, lile korongo la njia ya mashambani kila masika linawakatia njia, na mazao hayatoki hata ghala likijengwa la dhahabu. Aliyemfuata naye akalitaja korongo. Mpaka jua limepanda, ghala hakuna aliyelikumbuka.

Nilimuuliza Bwana Likapa kwa nini hawakusema jana. Akaniambia mgeni hapingwi mbele za watu. Jana mhandisi wa ujenzi tuliyekwenda naye alikuwa amelitaja ghala kwenye hotuba yake, tena alikuwa amekula kuku wao. Kumpinga baada ya hapo ingekuwa kumvunjia heshima yeye na kujivunjia wao. Kwa hiyo mkono unanyooshwa kwa adabu, na neno lenyewe linaletwa asubuhi na chai. Nawaomba mlishike hili kuliko chochote mlichosoma. Ninyi mna magari mazuri na mnarudi mjini siku hiyohiyo. Mnarudi na adabu za watu, mnaziandika kuwa ni vipaumbele.

Miaka ikaenda. Bwana Likapa alistaafu, akarudi kwao milimani, na Mungu amrehemu. Nikabaki na kabati. Nimeona mengi katika hii kazi ya kukaa katikati ya serikali na wafanyabiashara, na sijawahi kuelewa watu wanaoshabikia upande mmoja kama timu ya mpira. Nilipoanza, kwenda Dar kulikuwa jambo la kuagana na ndugu. Serikali ikajenga daraja Rufiji na kuleta lami, na lami ilipofika mabasi yalikuja yenyewe, hakuna aliyeyaandikia barua. Lakini nimeona pia mnunuzi wa mwani aliyegawa kamba za kupandia na ahadi, akawaamsha kina mama wa vijiji vizima waingie baharini, bei ilipoanguka huko ng'ambo akazima simu. Aliyebaki akikaa na wale kina mama waliokuwa wamekalia magunia yao alikuwa afisa uvuvi wa kata, ambaye pikipiki yake ilikuwa haina mafuta. Kila upande una siku yake ya kuheshimika.

Kazi iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya soko la samaki katika kijiji kimoja cha pwani, upande wa Pande. Jina lake nalihifadhi. Wenyewe watajijua, na watanitania.

Kijiji kile kina utaratibu wa kufunga mwamba. Kamati inachagua sehemu ya mwamba, inasomwa dua, na hapo hakuna anayevua pweza mpaka muda uliokubaliwa uishe. Pweza anakua upesi, kwa hiyo siku ya kufungua huwa ni sikukuu. Hufunguliwa siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, na kijiji kizima huingia na fimbo zao, wanawake mbele. Pweza wanaotoka siku hiyo ni wengi kuliko mdomo wowote. Shida ni moja: pweza akikaa juani kidogo tu, huna mali tena.

Hapo ndipo alipokuwa Bi Somoe. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya hori. Alianza na ndoo moja ya barafu kutoka kwa dada yake Masoko mwenye friji. Nilipomjua alikuwa na banda pale njia ya mwambani inapotokea ufukweni, na ndani yake majokofu mabovu yamepangwa safu, hayana mota, yamejazwa barafu inayoletwa na pikapu ikiwa imefunikwa magunia na vumbi la mbao. Hakuna ofisi iliyompangia. Kijiji kilifunga mwamba kwa sababu kulikuwa na barafu ya kupokea siku ya kufungua, na Bi Somoe alileta barafu kwa sababu kijiji kilifunga mwamba.

Halmashauri tukapata fedha za soko. Mtaalamu mshauri akaja, akachora mchoro mzuri wenye meza za vigae, choo, na mtambo wa barafu. Pamoja na mchoro kukawa na kanuni mbili: pweza wote watauzwa sokoni, na vibanda vyote vya ufukweni vitaondolewa. Kwa maneno mengine, Bi Somoe ataondolewa. Mtambo wa barafu ungesubiri umeme, na umeme wenyewe ulikuwa bado uko kwenye karatasi. Kama banda lingevunjwa kwanza, mwamba ungefunguliwa pasipo barafu hata ya kutia kwenye glasi.

Siku ya mkutano wa kijiji mimi nilikuwa kwenye semina mkoani, na wenzangu walikwenda wakarudi jioni na muhtasari. Wananchi wote wamekubali. Nikapitia majina ya waliochangia, nikamkuta Bi Somoe. Ameunga mkono na kuishukuru serikali.

Nikachukua mkeka wangu nikaenda.

Asubuhi nilikuwa jikoni kwake, anakuna nazi. Nilimuuliza kama ameelewa alichokiunga mkono.

"Nimeelewa, mdogo wangu. Wananivunjia banda."

"Sasa mbona ulinyoosha mkono?"

"Wageni walikuwa wamekula wali wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyewapikia. Nimlishe mtu, halafu nisimame nimwambie kazi yake mbaya? Mama yangu hakunilea hivyo."

"Watakuondoa, Da Somoe."

Akaendelea kukuna. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono yake ina nazi. "Nyumba hii nimeijenga kwa barafu," akasema. "Watoto wamesoma kwa barafu. Sijui kazi nyingine." Nikachukua mbuzi ya pili nikakuna nazi na mimi.

Nilimwomba aje aseme hayo kwenye mkutano mwingine, nitauitisha mwenyewe. Akakataa. Mkutano mwingine, wageni wengine, wali mwingine. Hatoweza. Nilirudi Masoko nimekasirika, nikimlaumu yeye, mama yake, na mtu aliyegundua wali.

Mkurugenzi wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mkimya, mwenye kupenda faili zilizonyooka. Nilimweleza. Akanionyesha muhtasari.

"Bi Zuhura, wamekubali wote. Tukichelewa mwaka wa fedha unafungwa, fedha zinarudi Hazina, na mimi nitaulizwa kwa nini watu wangu hawataki maendeleo. Niwajibu nini? Kwamba kuna mama alipika wali?"

Alikuwa na haki. Fedha za serikali zina msimu wake, ukikupita umekupita. Nilisimama pale mlangoni, na kitu kikanijia ambacho mpaka leo sijui kwa nini kilichelewa hivyo.

"Basi tusiwafuate," nikamwambia. "Waalike waje hapa. Tuwapikie sisi. Wao wawe wageni."

Akaufunga ule muhtasari. Kisha akasema mama yake alikuwa akianika dagaa, na kwamba naye hajawahi kumsikia akimkatalia mgeni neno. Akasaini karatasi ya gari.

Wakaja, wamevaa nguo za Idi. Tuliwapikia pilau kwenye ukumbi wa halmashauri. Mimi nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa lile alilolifanya Mkurugenzi. Kabla ya chakula alivua koti, akachukua birika na beseni, akapita mwenyewe akiwanawisha mikono, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Bi Somoe, nilimwona yule mama anasita, kisha anainyoosha mikono yake. Nikajua atasema.

Baada ya kula alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, sikuitambua.

"Mheshimiwa, umeninawisha mikono, kwa hiyo leo mimi ni mgeni wako, nitasema. Soko lako zuri. Limekaa pabaya. Aliyechora alikuja siku za maji mafu, bahari iko karibu kila mahali, akaona pwani yote ni sawa. Siku za bamvua sisi tunatoka mbali na pweza kichwani, na njia ya kupandia ni moja, ile ya kwangu. Kulifikia soko lako tuzunguke mikoko yote kwenye jua la saa saba. Huko atafika pweza aliyekwisha kuiva, mtupatie na ndimu."

Watu wakacheka. Injinia Tumaini, kijana wetu wa ujenzi, hakucheka.

"Mama, kwa nini hukuyasema haya kijijini? Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwa unakula, baba."

Injinia akainama kidogo, kisha akainua kichwa. Hakuwa mtu wa kununa. "Sawa. Na mimi niseme langu. Pale kwako sakafu ni udongo. Pweza mnawaosha kwa maji ya kisima cha ufukweni, tope linarudi kisimani. Wanunuzi wa nje wakija kukagua, watafunga biashara yako na ya kijiji kizima. Barafu yako nzuri, mama, ila inapoozesha uchafu."

Bi Somoe alimtazama kwa muda, mpaka nikaanza kuomba dua kimoyomoyo.

"Hilo kweli," akasema. "Kiwanja cha saruji mimi siwezi. Bomba la maji siwezi. Nguzo za umeme siwezi. Barafu naweza. Basi mimi niachieni barafu, na hayo mengine yote niliyosema siwezi, fanyeni ninyi."

Nimesoma vitabu vingi vya uchumi na nimehudhuria semina nyingi mno, baadhi yake zilikuwa na chakula kizuri. Sijawahi kusikia mgawanyo wa kazi kati ya serikali na mfanyabiashara ukielezwa kwa ufupi namna ile. Lakini msidhani tulitoka hapo tukiimba. Kuhamisha mradi ni kazi ya kuvunja moyo. Mchoro ulirudiwa na Injinia mwenyewe, mtambo wa barafu ukafutwa, kanuni ya kuvunja vibanda ikaondolewa, soko likawa kiwanja cha saruji chenye paa, mfereji wa kutolea maji machafu, na bomba, pale ilipo njia ya mwambani. Fedha zilizosalia zilirudi Hazina kweli, na Mkurugenzi aliandika maelezo mara nyingi kuliko alivyostahili. Hakuna aliyempongeza. Mimi nampongeza hapa.

Umeme ulifika baadaye, kwa mwendo wake. Na hapa ndipo mambo yalipogeuka tofauti na nilivyotegemea. Issa, kijana wa palepale aliyekuwa akifanya kazi ya friji Dar, alirudi nyumbani na mwenzake mmoja na mtambo mdogo wa kutengeneza barafu, wakafungua banda jipya ng'ambo ya kile kiwanja. Barafu yao haikuwa na vumbi la mbao wala safari.

Bi Somoe alikuja ofisini kwangu bila hata kukaa.

"Wewe ndiye mpangaji," akasema. "Wapangie pengine."

"Da Somoe, umeme ule ni wa wote."

"Niliomba mimi. Nilisimama mbele ya watu mimi."

"Kweli. Lakini nikiwaondoa wao leo, nitakuwa nimefanya lile tulilokataa ufanyiwe wewe."

Aliniambia nimekuwa serikali kamili. Akaondoka. Tangu hapo hakuniita mdogo wake. Idi ikapita bila sahani yake ya vitumbua, na nikipita kijijini alinipa mkono huku anatazama baharini. Iliniuma sana. Nilijua nilichomjibu ni sawa, na sikupata raha yoyote kwa kujua hivyo. Nilijiuliza pia kama banda lake lingedumu. Wanawake wengi walikuwa wamehamia kwa Issa, barafu yake ikiwa nyeupe na ya karibu.

Mwamba wa mwisho kufunguliwa nikiwa kazini nilikwenda kuutazama, nikiwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Sijapata kuona pweza namna ile. Wanawake walipanda njia ile wamejitwika mabeseni, wengine wamewafunga fimboni, wanaimba, watoto nyuma. Issa akapokea, akapokea, uso unang'aa. Kisha umeme ukakatika. Mtambo ukanyamaza, barafu aliyokuwa nayo ikaisha, na watu bado wanapanda kutoka baharini. Pweza wakaanza kurundikana juu ya saruji yetu safi, jua liko juu yao.

Bi Somoe alikuwa mlangoni kwake. Hakuwahi kuuamini ule umeme, kwa hiyo siku zote za kufungua mwamba aliita pia pikapu ya barafu kutoka Masoko. Majokofu yake mabovu yalikuwa yamejaa, na watu wa kumletea pweza hana. Nilisimama mbali nikamwangalia. Angeweza kusubiri tu. Saa moja ya kusubiri na Issa angekuwa amekwisha, hapo hapo, mbele ya kijiji kizima, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alisubiri kidogo. Sitamsingizia utakatifu. Kisha akachukua beleshi, akavuka kiwanja, akaenda mpaka kwa Issa.

"Leta vijana wako wabebe," akamwambia. "Upesi."

Issa akaanza kumshukuru. "Shikamoo mama, yaani sijui niseme nini, Mungu akuzidishie..."

"Marahaba. Usinishukuru. Pwani hii ikinuka pweza siku moja, wanunuzi wa Dar watakimbia wote, wako na wangu. Beba barafu."

Wakabeba. Nilikunja suruali yangu chini ya baibui na mimi nikabeba, mpaka mikono ikafa ganzi. Hakuna pweza aliyetupwa siku ile. Tulipomaliza nilikaa juu ya jokofu moja bovu, nimelowa, nalia na kucheka, na Bi Somoe akaja akakaa pembeni yangu. Alikuwa bado hajaniita chochote. Tulikaa hivyo, tunawatazama Issa na wenzake wakifunika pweza kwa magunia yake.

"Mdogo wangu," akasema mwishowe.

"Naam, dada."

"Hili la leo usiende ukaliandika kwenye mipango yenu. Mwaka kesho watakuja kunilazimisha."

Nilimwahidi. Ndiyo maana hamtalikuta kwenye faili lolote ofisini. Nimeliandika hapa, kwa kuwa nimeshakabidhi funguo, na ninawaomba mlisome kisha mliache kama lilivyo.